Mzee Anamsimamisha Jemadari Mbele

Mpendwa Shangazi Mshauri, naomba msaada maana mwanao nimeshikwa pabaya. Mimi ni fundi majokofu, nina mchumba tunayependana naye, na baba yake, mzee aliyefiwa na mkewe na kustaafu kazi ya kupanga mabasi stendi, hana ubaya na mimi, ila kila Jumapili nikigusia posa ananiambia, "Kaa kwanza tucheze, hayo tutazungumza siku nikikushinda," basi tunawasha kompyuta, gemu lenyewe ni la vita vya zamani, kila mtu anapewa jeshi na kabla ya pambano anapanga askari wake anavyotaka, na mimi Shangazi napanga kijinga makusudi ili anishinde, wapiga mishale nawatia bondeni kwenye tope, wapanda farasi nawabana msituni wasipate hata pa kugeukia, kilima chote namwachia yeye, lakini mzee anakikwepa kile kilima kama kina mzimu, anashusha jeshi kwenye tope lile lile, halafu anamsimamisha jemadari mbele kabisa, peke yake, eti "Mkubwa hajifichi nyuma ya watoto wa watu," mshale wa kwanza tu jemadari chali, jeshi linatimua mbio, na mimi nimeshinda tena bila kutaka. Wala hakasiriki! Anasugua mikono na kumwita binti yake, "Mama, mletee mgeni chai, leo pia kanichapa." Sasa mchumba ananiuliza kama nataka kuoa au nataka gemu, nami nampenda, naogopa atachoka kunisubiri. Nifanyeje nishindwe?

Fundi Majokofu

*

Fundi, pole, ila ngoja kwanza nicheke. Haya, nimemaliza.

Kichwa chako nacho kimeishiwa gesi? Mtu aliyepanga mabasi stendi mpaka akastaafu ashindwe kupanga askari kilimani? Hata mimi nisiyejua kuiwasha hiyo kompyuta ningepanda kilimani. Mzee anashindwa makusudi, mwanangu, tena kwa ustadi kukuzidi. Sharti kaliweka mwenyewe, na hatashinda mpaka uote mvi. Ninyi mnashindana kushindwa, binti wa watu anachemsha chai.

Usimchukie. Mkewe hayupo, binti ndiye sauti pekee iliyobaki katika nyumba ile, na akikupa wewe atazungumza na nani? Anaogopa, na mzee mzima hawezi kumwambia hivyo fundi majokofu.

Na wewe acha kutaja posa umeshika kipanya, nani atakusikiliza? Jumapili hii nenda na mjomba wako na mtu mzima mwingine wa kwenu. Kama mjomba naye anapenda gemu, mwache nyumbani. Kaeni kwa heshima, kompyuta izimwe, posa itajwe kabla ya chai. Kisha mwambie mzee kwa kinywa chako kwamba mtapanga nyumba jirani naye na kila Jumapili mtakuja.

Hatakataa. Atapangusa miwani muda mrefu kuliko inavyohitaji, halafu atakuuliza kama Jumapili ya kwanza baada ya harusi nayo imo. Mwambie imo.