Ndoana za Baba na Neno Moja katika Barua Yako

Geita, tarehe 9 Novemba 1952

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Leo nimekusudia kukueleza yote, hata yale ambayo Shangazi alisema niyaache. Je, mguu wako umepona? Mmeshapanda mahindi? Sisi huku ni wazima. Nakula, nalala, naenda shule.

Barua yako aliyokuandikia kaka Mabula ilifika Jumanne ya juma lililopita. Ulisema nisafishe ndoana za marehemu Baba nije nazo Krismasi, kwa kuwa Baba Mkubwa "amepata mahali". Sehemu hiyo nimeisoma mara nyingi. Kama ni mahali, basi amepata ufuko wa kuvulia, na ndoana zinatakiwa kazini. Lakini kama kaka Mabula alitaka kuandika mahari, basi mimi ndiye niliyepatiwa mume, na shule imekwisha. Mwalimu wetu, ambaye kwao ni Tanga, hututania darasani: "Ninyi Wasukuma mkisema mahali, mtu hajui aende au alipe ng'ombe." Wote hucheka. Mimi pia nilikuwa nikicheka.

Ndoana zilikuwa katika kopo la tumbaku, ndani ya sanduku la Baba. Kutu ilikuwa imezishikanisha zikawa bonge moja, kama andazi lililoungua. Nilizisugua kwa majivu na mchanga mpaka vidole vikawa vyekundu, kutu haikutoka. Mume wa Shangazi, anayefanya kazi katika karakana ya mgodi, akaniambia nizilaze katika mafuta ya taa. Zikaachana moja moja. Kisha Shangazi akasema ndimu hung'arisha zaidi, nikazitia katika bakuli la maji ya ndimu. Hapo ndipo nilipokosea. Tulikuwa na mtihani, nikazisahau siku tatu. Nilipozitoa zilikuwa nyeusi na nyembamba, na nne zilikuwa zimelika kile kijino kinachomzuia samaki asichomoke.

"Minza," Shangazi akasema, "hizi sasa ni za kushonea magunia."

Mumewe akaishika moja, akaigeuzageuza. "Samaki atakula chambo, aseme ahsante, aende zake."

Walicheka sana. Nikangoja na mimi nicheke, kicheko hakikuja.

Zilizobaki nimezisugua kwa gunzi la muhindi na mafuta ya taa, nikazianika juani, nikazipaka mafuta ya karanga. Zinafaa. Vile visamaki viwili vya bati, alivyokata Baba mwenyewe ili avulie bila chambo, sikuvitia ndimu. Kimoja bado kina macho aliyoyatoboa kwa msumari. Kingine kilikuwa na kipande cha mshipi, na fundo alilofunga yeye. Kutu ilikuwa chini ya fundo. Nikalikata. Nilidhani nitalia, nikatulia kidogo nione, kisha nikaendelea kusugua. Shangazi huniuliza kama nalia nikiwa peke yangu. Silii, Mama. Sijui kwa nini.

Katika mtihani nimekuwa wa pili. Mwalimu anasema nikiendelea hivi mpaka darasa la nane, naweza kupelekwa kusomea ualimu. Akaniuliza, "Nyumbani wanakubali?"

Nikasema, "Sijajua bado, Mwalimu."

"Basi uliza. Ukinyamaza watadhani umekubali wanalotaka wao."

Kaka Mabula, wewe unayemsomea Mama barua hii, usikasirike, sikuchongei. Ila najua ukiyasoma maneno yale mawili, yatatoka mdomoni mwako kwa sauti moja, na Mama hataelewa ninaloogopa. Kwa hiyo tafadhali msomee polepole sehemu ya mwisho.

Nisalimie Bibi, na mama mdogo anayekusaidia kuteka maji, na dada yangu na mtoto wake mchanga ambaye bado sijamwona. Baba Mkubwa mwambie namwamkia, na ndoana ziko tayari isipokuwa hizo nne, ambazo kosa ni langu. Nitazileta kama alivyotaka.

Lori lililochukua barua hii litageuza huko Ijumaa. Dereva amekubali kungoja jibu. Mama, Krismasi ikiisha, nitarudi shuleni?

Mwanao,
Minza