Maneno ya Baba Yaliyofungiwa

Jumatatu, 6 Machi 2006
Mgao ulipoisha mchana, umeme ulirudi kwa kishindo. Kompyuta ya baba imeungua. Mna kamusi yake ya Kipangwa humo — miaka mitano ya kazi, tangu alipostaafu ualimu Ludewa. Nilipomwambia akainua mkono wa kushoto, ule uliobaki mzima. Tangu apooze Desemba hajatamka neno la kueleweka.

Alhamisi, 9 Machi
Makambako, kwa fundi Halfan. Faili zimepona! Ila zinafunguka kwa programu moja tu, ile aliyoinunua baba Dar. CD ninayo. Kwenye kasha wameandika: leseni ya kudumu. Nimerudi Njombe moyo mwepesi.

Jumanne, 14 Machi
Halfan ameiweka programu kwenye kompyuta nyingine. Inadai namba ya kuifungulia, na namba hutoka kwa kampuni iliyoitengeneza, kwa mtandao. Tumejaribu mara sita. Kimya.
"Programu ni nzima, dada Matilda. Wenyewe ndio wamefunga mlango."
Nikamuuliza, kudumu maana yake nini basi? Akaichomoa CD, akanirudishia.

Ijumaa, 17 Machi
Kampuni wamejibu barua pepe. Mistari mitatu. Wanasikitika. Toleo hilo hawatoi namba zake tena tangu Januari, ninunue jipya. Jipya halisomi faili za zamani. Nimewaandikia tena: aliyeyakusanya maneno hayo amepooza, hawezi kuyasema upya.

Jumapili, 19 Machi
Baba alinyoosha kidole kwenye meza ilipokuwa kompyuta. Sikuweza kudanganya.
"Wamekataa kuifungua, baba."
Machozi, upande mmoja wa uso. Hata tulipomzika mama sikumwona akilia.
Kipangwa mimi sikijui. Alitulea kwa Kiswahili, tusije tukachekwa shuleni. Hapa nyumbani alikijua shangazi Konsolata tu, naye tulimzika mwaka jana.

Jumatano, 22 Machi
Kampuni kimya.
Asubuhi nilikuwa namnywesha uji. Akasukuma kijiko, akasema neno. Moja, limetoka safi. Si Kiswahili, lazima ni Kipangwa. Nikakimbilia daftari, nikaliandika nilivyolisikia.
"Ni uji, baba?"
Akatikisa kichwa.
"Kijiko? Moto?"
Hapana. Akalirudia polepole, akinitazama kama mwalimu anavyomsubiri mwanafunzi mzito. Nimetaja dirisha, blanketi, mvua, njaa, maumivu. Hapana, hapana. Uji umeganda. Amenishika mkono, haniachii, naandika haya daftari likiwa gotini. Vitu vya chumbani vimekwisha. Sasa naanza kumtajia watu —