Anjela Habanduki Mkiwa

Anjela harudi! Nakwambia kabla sijakusalimu, usije ukaikunja barua katikati ukaenda zako kunywa mbege. Harudi Rombo, haendi kwa kaka yako Himo. Anabaki hukuhuku Mkiwa, mkoa huuhuu wa Singida alikosomea, na mimi uliyenituma kumchukua ndiye niliyemwambia abaki.

Haya, sasa hujambo, Baba Anjela? Kifua kimepoa? Na mama mkwe wangu, goti linamruhusu kwenda kanisani? Sisi wazima, ila upepo wa huku umenikausha midomo, ndizi nimezisahau, nakula ugali wa uwele na mlenda mpaka nimeanza kuupenda. Naandika kwa sababu kwenye simu unanikatiza. Barua huikatizi.

Najua ulishamwahidi kaka yako kwamba mtoto akimaliza chuo cha mifugo atamsimamia duka la dawa. Nilikuja na maneno yako yote. Siku ya tatu nikamwambia, "Funga mizigo." Akasema, "Mama, kesho nina chanjo ya kuku. Twende wote, halafu ndiyo unifungashe."

Tukatoka alfajiri, maana chanjo ya mdondo lazima iwakute kuku hawajafunguliwa. Nyumba ya kwanza ni ya Bibi Mwanaidi, mwenye kuku wengi kuliko wote pale kijijini. Nami nikaona nisaidie. Nikaanza kwa sauti ile unayoijua: "Mmoja, wawili, watatu..."

Bibi akafunika tenga kwa khanga. "Wewe mgeni! Unawahesabu kuku wangu ili wafe?"

Kumbe hapa mifugo haihesabiwi kwa mdomo, ni mkosi. Nami nimeshafika kumi na mbili! Majirani waliokuwa wanangoja zamu wakaanza kurudisha matenga yao ndani, na dawa ikishachanganywa hailali. Nikaona kazi ya mwanangu inaharibika kwa ajili ya domo langu.

Anjela hakubishana. Akainama, akaongea Kinyaturu, mume wangu, kinamtoka kama amezaliwa nacho. Kisha akasema Kiswahili ili na mimi nisikie: "Bibi, huyu ni mama yangu. Ametoka mlimani, bado hajazoea."

"Mfundishe adabu basi."

"Nimeanza leo, bibi."

Bibi akacheka mpaka akashika kiuno, akafunua tenga. Ndipo nikaona mtoto anavyofanya. Mfuko wa kulia ana punje za mahindi. Kila kuku akipata tone lake jichoni, punje moja inahamia mfuko wa kushoto. Hesabu anayo, na mdomo haujatamka kitu. Hayo hakufundishwa darasani. Ameyapata kwa kukaa na watu hawa likizo zote zile ulizokuwa unalalamika haji nyumbani.

Wale majirani wakatoa matenga yao tena, na sasa kijiji kizima kinaniita Mama Daktari. Mimi wa darasa la saba!

Sasa niambie, Himo akafanye nini? Kukaa nyuma ya meza na kuuza dawa hata mimi naweza. Hapa akiondoka, watu watamfungulia nani mlango alfajiri? Tuliporudi nikafungua mizigo yake kwa mikono yangu.

Kaka yako usimwogope. Chuma jani la isale pale uani, mpelekee, mwombe radhi, sema mkeo ndiye mkosaji. Isale la msamaha hawezi kulikataa. Akibaki na neno, aje aniambie mimi. Sirudi nyuma.

Ila na wewe unatakiwa. Akina mama wa hapa wamempa Anjela chumba kando ya barabara aweke dawa zake, na wameshaniuliza mara mbili, "Huyu binti ana baba?" Nikawaambia anaye, tena mrefu. Usipoonekana siku ya kukifungua, watasema mtoto amekimbia kwao, na aibu hiyo ataibeba yeye kila nyumba anayoingia.

Mpe mama mkwe shikamoo yangu, mwambie asali yake ninayo. Msalimie kitinda mimba wetu Deo, asimwache ng'ombe bila majani. Msalimie na jirani yetu Mama Suzi, na neno "Daktari" ulirudie, maana hasikii vizuri akitaka.

Usiseme kahawa inachumwa, usiseme kifua. Panda basi na kaka yako, na mama, na Deo. Mimi mkeo, Mama Anjela, nitasimama njia panda ya Mkiwa nimevaa kitenge kipya, nawangoja wote, siku hiyo ya kufungua, Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa saba.