Chumvi ya Watu Watatu

Louisiana, Jumatano jioni

Mpendwa Kaka Ulysse,

Pokea salamu zangu, wewe, wifi Marisol na watoto. Nategemea Houston inawatunza na kwamba mgongo wako umepoa. Sisi huku hatujambo, ingawa hilo neno lipokee kwa uangalifu, maana nimeliandika kwa mazoea tu. Mama magoti yanamsumbua kama kawaida baridi ikianza. Mimi mzima, bado niko mapokezi kwa daktari wa meno, kutwa napokea watu walioshika mashavu.

Utashangaa kuona barua wakati simu ipo. Kwenye simu ungenitania neno moja, ningecheka, halafu tungeagana bila mimi kusema nililokusudia. Isitoshe, Jumamosi za mpira hupokei simu ya mtu yeyote wa nyumbani, na huu ni msimu wa nne. Kwa hiyo naandika. Naandika nimesimama hapa kwenye kaunta ya jikoni, kwa sababu tangu Jumamosi nimeshindwa kukaa mahali pamoja. Mwandiko ukienda upande, nisamehe.

Habari yenyewe ni ya Baba. Usishtuke, hajalazwa. Yuko sebuleni sasa hivi anagombana na televisheni.

Tangu majira ya joto Mama amekuwa akiniita pembeni na kuninong'oneza kwamba akili ya Baba inaanza kuondoka. Alikuwa na sababu zake. Mara mbili alikuta jiko la gesi kule bandani limeachwa wazi, moto haupo, gesi inatoka, na Baba amekaa palepale ananoa visu kana kwamba hakuna kitu. Mara nyingine alikunywa maziwa yaliyochacha, akamaliza glasi, akashukuru. Halafu msimu ulipoanza, chakula chake cha kule maegesho ya uwanja, tunakopiga mahema siku za mpira, kikawa hakina chumvi. Chakula cha Baba, Kaka! Mtu ambaye wenzake wa mahema yote humwita Chifu, na ambaye watu huegesha magari mbali wakatembea kwa miguu ili wapite mbele ya sufuria yake kabla ya mpira.

Mechi ya kwanza tulisema amesahau. Ya pili tukatazamana. Kufikia ya tatu Mama alikuwa ameshaamua kwamba msimu huu ndio wa mwisho, na kwamba ukiisha, sufuria kubwa na mwiko wake vitakwenda kwa Mzee Hollis wa hema la jirani, naye Baba atapewa kiti cha kukunja na sahani mapajani. Hollis alikubali huku machozi yanamlengalenga. Baba hakuambiwa. Nilikuwepo walipopanga, nikanyamaza, na usingizi ukaniruka toka siku hiyo.

Sasa Jumamosi iliyopita walikuja timu ya Mamba. Desturi yetu haijabadilika: anayekuja kucheza kwetu, tunamla. Wakija Nguruwe Pori, mbavu zinaingia kwenye moshi toka Ijumaa. Mwaka juzi walikuja Nyuki, watu wakamcheka Baba wakisema tuone atapika nini, naye akapaka mbavu zilezile asali na pilipili, akazunguka maegesho yote akijisifu. Kwa hiyo ya Mamba ilikuwa gambo, ule mchuzi wetu mzito, ya nyama ya mamba na soseji za moshi, na vipande vingine vya mkia vikakaangwa kwa unga wa mahindi vya kutafuna watu wakisubiri.

Tulifika mapema tukapata pale petu, chini ya taa yenye nguzo iliyopinda. Mama alishusha saladi ya viazi na ile chai yake ya barafu yenye wiski na limau, anayodai ni dawa ya koo. Mimi nilileta mayai ya kujazwa. Hollis alileta jeli zake za pombe za rangi ya timu, zinazopaka watu ulimi zambarau hadi Jumapili kanisani. Vijana wa hema la nyuma walinunua mabawa ya kuku dukani, na Baba akawaambia kwamba boksi lile likikanyaga meza yake atawapigia mama zao simu. Alikuwa amechangamka. Alikaanga unga kwenye mafuta polepole, akikoroga bila kuinua mwiko, mpaka ukapata ile rangi ya sarafu kuukuu, akatupa vitunguu na pilipili hoho, ukasikia ule mlio. Nilimtazama nikajiuliza huyu mtu akili imemtoka wapi, mbona mikono inajua kila kitu?

Alipokwenda kumsaidia mtu kufunga turubai, nilionja. Haikuwa na chumvi, Kaka, ilikuwa maji ya mto. Nikatazama huku na huku, nikachukua chumvi kiganja kizima nikatia, nikakoroga, nikarudi kwenye mayai yangu nikijiona mjanja.

Kumbe Mama naye aliona Baba amegeuka upande mwingine, akaja kujifanya anatafuta kitambaa, akatia chumvi. Na Hollis naye, kwa mapenzi yake, alipita kusalimia sufuria mfuko wake wa shati ukiwa na chumvi. Haya tumekuja kuambiana baadaye. Kila mmoja alitaka kumsitiri Baba peke yake bila mwenzake kujua, na kati yetu watatu hakuna aliyeonja tena.

Wakati wa kupakua ulipofika, mstari ulikuwa mrefu hadi kwenye mabasi. Baba mwenyewe ndiye aliyepakua, wali kwanza, gambo juu. Nilitia kijiko kimoja mdomoni nikahisi nimeanguka baharini. Nikamtazama Mama. Mama akameza, akafunga macho, akamwambia Baba tamu sana, Alcide. Hollis akasema Chifu, leo umejishinda, kisha akanywa bia yote kwa mkupuo mmoja. Watu wote wa mstari wakafuata. Ah, safi. Ah, kama zamani. Kila mtu anatabasamu na kila mtu anakimbilia boksi la barafu. Mimi nami nilisema, tena kwa sauti, Baba, hii ndiyo yenyewe.

Baba alikuwa anatutazama. Alikuwa na namna ya kututazama mmoja mmoja ambayo zamani nilidhani ni majivuno.

Halafu akaja Bi Verna. Unamkumbuka, yule mama wa upande wa Mamba anayevaa kijani mpaka hereni, na kila wanapokuja kwetu lazima apite kumtukana Baba na kula sahani mbili. Alikula kijiko kimoja. Akasimama. Akatema kwenye kitambaa mbele ya halaiki, akasema, "Alcide, mpira mtaushindwa uwanjani kama kawaida yenu, sasa kwa nini mnataka kutuua hapa nje? Hii ni chumvi umetia gambo kidogo!"

Watu wakacheka kwa woga. Mama akataka kumrukia. Hollis akaanza kusema kwamba watu wa Mamba hawajui chakula, mdomo wao umezoea majani ya kinamasi. Baba akainua mkono, wote wakanyamaza. Akamuuliza Bi Verna taratibu kama ni kweli. Bi Verna, ambaye hajawahi kuulizwa kitu kwa upole na Baba maisha yake yote, akapunguza sauti, akasema, "Ni kweli, shemeji. Haliki." Baba akamshukuru, akafunika sufuria. Alisema gambo imekwisha, na waliobaki wale mamba wa kukaanga.

Nimetoka kidogo kuangalia kama Mama amefunga gesi. Nimekuwa hivyo, nakagua gesi kila saa. Naendelea.

Mpira ulipoanza watu wote waliingia uwanjani, Mama pamoja na Hollis. Mimi nilibaki na Baba kwa kisingizio kwamba nina baridi. Maegesho yalikuwa matupu, moshi wa majiko unaisha, na kila baada ya muda uwanja unanguruma upande wa pili wa ukuta nasi hatujui nani kafunga. Tulimwaga gambo ile kwenye pipa, yote. Nilianza kusema kwamba kila mtu husahau, Baba, umri huo, hata mimi juzi nilisahau funguo. Akanikatiza. Akasema hajasahau kitu. Akasema anajua kabisa alitia chumvi kiasi gani, alitia kidogo, makusudi, kwa sababu akitia kidogo mtu anaweza kuongeza, ila ikizidi hakuna wa kuipunguza.

Kisha akaniambia kwamba hanusi. Hasikii harufu wala ladha. Si leo wala msimu huu, ni miaka minne. Yale mafua mabaya aliyougua kabla ya mechi ya Majogoo yalipoondoka yaliondoka na pua yake, na haikurudi. Akili yake nzima kabisa, Kaka. Gesi hakuisikia, maziwa hakuyasikia. Anapika kwa macho na masikio: rangi ya unga, mlio wa vitunguu, namna mchuzi unavyoteleza kwenye mwiko. Na chumvi anaisoma kwenye nyuso zetu. Alisema nyuso zetu ndio ulimi wake. Mtu akila kijiko cha kwanza, yeye anatazama paji la uso, anajua. Ndivyo alivyoishi misimu minne bila mtu kugundua, mpaka sisi wa nyumbani tulipoanza kumwonea huruma na nyuso zetu zikaanza kusema uongo. Alisema, "Odile, ningejua mnanidanganya ningeacha kupika. Mama yako ananitazama anatabasamu na mdomo umejaa chumvi. Nimwamini nani sasa?"

Nililia kwenye aproni yake, nayo inanuka soseji za moshi, na kwa mara ya kwanza nikafikiri kwamba yeye hata hilo halijui.

Kaka, hesabu mwenyewe ni mechi gani hiyo ya Majogoo. Ni siku ile uliposimama mbele ya mstari wa watu ukamwambia unga umeungua, ukaonyesha vile vidoa vyeusi, naye akakuita msaliti, akasema mwana anayemwaibisha baba mbele ya wageni akale mahali pengine. Ukaenda kula mahali pengine mpaka leo. Sote tulidhani ni kiburi chake. Ulikuwa umesema kweli, na yeye hakunusa kitu. Amesimama na mwiko, moshi unamwingia puani, hasikii, na mwanawe anamwambia imeungua. Akaogopa. Aliniambia hivyo hivyo, kwa neno hilo: niliogopa, nikamfukuza.

Nilimuuliza kwa nini hakukupigia simu. Alisema kila Jumapili anafikiri kupiga, kisha anafikiri utamwonea huruma, na huruma yako hataiweza. Halafu akaniapisha. Nisimwambie Mama, nisimwambie Hollis, nisimwambie mtu yeyote wa mahema, kwa sababu wakijua watamkalisha kwenye kiti cha kukunja. Niliapa. Jina lako hakulitaja kwenye kiapo, Kaka. Aliwataja watu wengi, hata wale vijana wa mabawa, wewe hakukutaja. Siku nne nimezunguka na jambo hili kazini na nyumbani, nikijiuliza kama amesahau au amekuruka makusudi. Na ameshaniambia mwenyewe kwamba yeye hasahau kitu.

Jumamosi hii ni mechi ya mwisho ya nyumbani. Ni Majogoo tena, kwa hiyo ni gambo ya kuku. Ikiharibika, hakuna wa kuwazuia Mama na Hollis, wanachukua sufuria jioni hiyohiyo, na mimi mdomo wangu umefungwa. Nikisimama pale kuonja, hataniamini tena, kwa haki kabisa. Bi Verna yuko kwao.

Kwa hiyo njoo. Toka Houston usiku wa Ijumaa ukibidi. Usije na pole, usimkumbatie sana, usimwambie unajua. Simama karibu na sufuria, chukua kijiko, onja. Kama chumvi haitoshi, kunja uso. Kama imezidi, kunja zaidi, na uliseme mbele ya mstari wote kama siku ile. Atakutukana. Muache akutukane, Kaka, halafu mtazame anavyotia chumvi.

Msalimie wifi, umwambie Mama bado anamtunzia lile bakuli lake la saladi. Wabusu watoto. Mama hajui kama nimekuandikia, lakini angejua angekutumia salamu na kukuulizia kama unakula vizuri, basi zipokee.

Ni mimi mdogo wako anayekuhitaji,
Odile