Mama Amesema Twende

Jumanne, Oktoba 2020

...na kile kijiti mume wangu alichosimika jana nyuma ya nyumba kupima maji hakionekani tena. Ziwa limekipita. Upepo wa leo umesukuma mawimbi mpaka karibu na choo, na yeye bado anasema, "Tungoje tu." Ameniudhi!

Tangu corona iingie, mamangu kule Rongai hajatufungulia geti. Mahindi anatupitishia juu ya ua, halafu anarudi nyuma. Ana ugonjwa wa sukari, simlaumu.

Jioni amepiga simu mwenyewe. "Kujeni kesho, nyote. Nimeshatandika."

Moyo ulitulia. Nimefunga mizigo kabla ya ugali kuiva.

Lakini nimekohoa tangu asubuhi. Labda ni hii baridi. Sijamwambia mama.