Aliyembadilishia Mpiga Mishale Uta

Kakuyuni, Jumatano

Mpenzi Mwambire,

Natumai kupakia maziwa hakujakuchosha mno huko Mariakani. Huku tu wazima, na mahindi yamefika magotini.

Jana niliingia kwenye mchezo wetu wa simu nimtayarishe mpiga mishale wako kwa pambano la Ijumaa. Nilikuwa nimekuchagulia uta mrefu, deraya nzito na mishale ya sumu, kwa sababu wewe hupendi kukimbia. Husimama mahali pamoja ukalenga. Nikamkuta na uta mfupi, viatu vyepesi na glavu za kufyatua haraka. Amevishwa vizuri, na mtu anayejua. Si wewe. Wewe hata soksi hukosea.

Uliniapia namba ya siri tunaijua wawili tu. Nilipokupigia ukasema, “Zipporah, huo ni mchezo tu.” Nyuma yako mwanamke akacheka: “Mwambie ule mrefu ulikuwa unamchelewesha.” Ukakata.

Nimeandika kwa karatasi kwa kuwa simu yako sijui huishika nani. Hesbon wa lori atakukabidhi kesho.

Jumamosi baba zako wadogo wanaleta kibuyu cha tembo la posa. Mama ananitania, “Usije ukalimaliza peke yako.” Desturi unaijua: baba ataniuliza mbele ya wazee kama tembo hilo linywewe, na nisipokubali hakuna atakayeligusa.

Niambie huyo ni nani kabla ya siku hiyo. Ningeulizwa leo, ningesema lirudi lilikotoka.

Wako mpaka sasa,
Zipporah