Vibuyu vya Neema Ukumbini

Jumatatu, 9 Juni
Nimefungua ukumbi wa sanaa saa mbili. Nimefagia. Vibuyu vya Neema, mwanafunzi wa chuo, vinaning'inia darini. Ukivuta kamba ya kimoja, kinacholia ni kingine, upande wa pili wa chumba. Kipi, hujui mpaka ujaribu. Ni utafiti wa usanifu: Neema anataka kuona watu wasiojuana wanavyoanza kucheza pamoja. Amepewa ukumbi hadi Ijumaa. Wageni sita. Niliwaeleza vizuri. Wakasaini kitabu, wakaondoka. Hakuna aliyegusa.

Jumanne, 10 Juni
Akina mama wa kijiji cha Singe, wametoka sokoni. Shikamoo mwalimu, marahaba. Nikaeleza kamba, springi, na kwa nini kibuyu kikubwa hutoa sauti nzito. Walisikiliza mikono nyuma, kama darasani. Daftari la Neema la kuandika wanavyocheza bado tupu. Labda maelezo hayatoshi. Nimebandika mengine mlangoni, kurasa mbili.

Jumatano, 11 Juni
Mbaya zaidi. Wanasoma mlangoni, wanageuka na kuondoka. Neema hakula mchana. Akirudi chuoni mikono mitupu, anaanza utafiti upya. Watu wetu waoga. Nimekasirika.

Alhamisi, 12 Juni
Neema kaniamkia mara ya pili leo, nikajua kuna jambo.
"Mwalimu, nani atacheza mbele yako?"
Imeniuma. Nimeinywa chai ikiwa imepoa. Lakini ni kweli. Hapa kwetu mzee akizungumza, watu husimama wakasikiliza, na nusu ya mji huu nimewafundisha mimi kutogusa vitu. Nimebandua karatasi.

Ijumaa, 13 Juni
Nimekaa nje, kwenye ngazi. Neno langu moja tu: karibuni. Watu wakaingia. Kisha kibuyu kimoja kikalia.
"We! Nani kanijibu?"
"Mimi huku, mama! Vuta tena!"
"Vuta wewe, mvivu!"
Vicheko. Nilitamani sana kuingia. Sikuingia. Saa sita Neema alitoka mbio kuazima kalamu yangu. Yake imeisha wino.

Alasiri mfugaji mmoja wa Hanang, mzee kama mimi, alitoka na fimbo yake, akaketi kando yangu. Akaanza kunieleza jinsi vibuyu vinavyofanya kazi. Vinajuana, alisema, kwa sababu vimetoka shamba moja. Nikauliza, na kile kidogo? Hicho ni mtoto wao, hakijajifunza kuitika vizuri. Hapakuwa na hata jambo moja sahihi.

Nilimsikiliza mpaka mwisho.